Kuitwa Tena: Kyle Hines na Miaka 16 ya Kazi Ng'ambo

Maneno ya kocha wa kikapu wa vijana, Dar es Salaam, mbele ya wachezaji wake na wazazi wao, Jumamosi baada ya mazoezi ya asubuhi. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.

Wazazi wangu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za asubuhi. Na nyinyi wenye jezi zilizolowa, kaeni hapo hapo kwenye mstari wa mwisho. Aliyekalia mpira auondoe, mpira si kigoda.

Nimeombwa niwape vijana maneno ya kuwatia moyo. Kutia moyo tuwaachie mashehe na wachungaji. Mimi ni kocha, ninachokijua ni kazi yenyewe ilivyo. Wiki iliyopita mama mmoja alinisimamisha pale getini, akaniuliza kwa upole kabisa: "Kocha, huyu mwanangu atafika NBA?" Kijana ana miaka 16, urefu futi sita na kidogo. Nikamwambia, mama yangu, sijui. Akanitazama kama kondakta aliyemla chenji.

Jibu lile fupi halikumtosha, na kusema kweli halikunitosha hata mimi. Leo nimekuja na refu, na lina jina la mtu. Nani hapa anamjua Kyle Hines? Nyoosheni mikono. Mmoja. Na wewe naona unanyoosha mgongo tu. Ningesema LeBron hapa, mabati yangeng'oka.

Kyle Hines ni Mmarekani wa New Jersey, wa mwaka 1986. Amecheza kikapu cha kulipwa misimu 16, tangu 2008 hadi 2024. Klabu tano, nchi nne. Ubingwa wa EuroLeague, ambayo ndiyo ligi kubwa kuliko zote za klabu huko Ulaya, ameuchukua mara nne. Mara tatu amechaguliwa mlinzi bora wa ligi hiyo. Na katika misimu yote hiyo 16 hakucheza hata dakika moja ya mechi ya ligi ya NBA. Hata moja.

Haya, mmeshaanza kunikunjia nyuso kama mnataka kumpa pole. Huo ndio ugonjwa uliomleta mama yule getini, na ndio ulionileta mimi hapa mbele. Mnadhani Italia, Ugiriki, Urusi, Uturuki na China ni jalala ambako Marekani inamwaga waliochacha. Huyu bwana nimemfuatilia miaka mingi, tangu enzi za kuangalia mechi kwenye laptopu inayoganda kila baada ya dakika mbili, na nawaambia hivi: sijaona mwalimu mzuri kuliko yeye wa jambo moja ambalo hatuwafundishi hapa. Jambo lenyewe ni kuitwa tena.

Nitaeleza. Ngoja kwanza nianze na alivyokataliwa.

Alisoma University of North Carolina at Greensboro. Msikichanganye na kile chuo cha Chapel Hill alikotoka Michael Jordan, jina linafanana lakini mlango si mmoja. Pale Greensboro kwa miaka minne alifunga pointi zaidi ya 2,000, akachukua riboundi, yaani mipira iliyokosa ringi, zaidi ya 1,000, na bloku, yaani mitupo aliyoizuia hewani, zaidi ya 300. Wenye hesabu hizo tatu kwa pamoja katika kikapu cha vyuo vya Marekani ni orodha fupi mno: ina David Robinson, ina Alonzo Mourning, ina Tim Duncan. Watoto wa juzi waulizeni baba zenu hao ni kina nani.

Ikaja drafti ya 2008, siku klabu za NBA zinapochagua wachezaji wapya. Majina 60 yakasomwa. La kwake halikuwemo.

Sababu ilikuwa futi. Hines ana futi sita na inchi sita, karibu mita mbili. Kwa mtaa wetu huyo ni mnazi, dukani anainama mlangoni. Ila yeye si mtu wa kutupia kutoka mbali, kazi yake ni chini ya ringi, anacheza senta. Na senta wa futi sita na inchi sita, kwa NBA ya wakati ule, ni kama kumpeleka kipa mfupi fainali ya Kombe la Dunia. Hawakuangalia mara mbili.

Mwaka uliofuata, 2009, mnakumbuka kilichotokea. Wazazi mnakumbuka. Kijana wetu wa hapa hapa Dar, aliyepita Makongo, Hasheem Thabeet, futi saba na inchi tatu, akaitwa namba mbili na Memphis Grizzlies. Kwetu kulikuwa alfajiri. Mimi nilikesha, na sikuwa peke yangu. Stephen Curry usiku ule aliitwa namba saba. Pigeni hesabu wenyewe: aliyekuwa na mikono mizuri kuliko wote alisubiri, aliyekuwa mrefu kuliko wote akapita mbele. Silisemi hili kwa kumcheka ndugu yetu. Atakayemcheka Hasheem mbele yangu atazunguka uwanja huu mpaka magoti yamsemeshe. Hasheem ndiye Mtanzania wa kwanza kukanyaga sakafu ile. Na baadaye naye alikwenda kucheza ng'ambo, Yokohama kule Japani, kisha Taiwan. Nalitaja kwa sababu mlango wa kuingilia ni mmoja na wa kubakia ni mwingine, na urefu unafungua huo wa kwanza tu.

Tumrudie Hines. Msimu wa 2008 anatua Veroli. Veroli ni mji mdogo juu ya kilima, mkoa wa Lazio, kusini mashariki ya Roma. Timu yake ilikuwa daraja la pili la Italia. Daraja la pili! Mtu ambaye miezi michache nyuma jina lake lilikuwa linaandikwa pamoja na la Tim Duncan. Akakaa pale misimu miwili.

Mkoa huo huo wa Lazio una mji unaitwa Rieti, na hapo mwaka 1984 alihamia Mmarekani mwingine baada ya miaka yake ya NBA kwisha, Joe Bryant. Alikuja na mwanawe wa miaka sita. Mtoto yule alikulia Italia mpaka miaka 13, akarudi kwao anazungumza Kiitaliano, na mkimwangalia alivyokuwa akitumia miguu mnaona kabisa aliifunzwa wapi. Ndiyo, Kobe. Kwa hiyo mkisema Ulaya ni jalala, mjue Kobe aliokotwa humo.

Sasa wazazi, hapa nawaomba masikio, maana kuna mambo vijana hawayaulizi kabisa. Mkataba wa Mmarekani ng'ambo ukoje? Mara nyingi ni wa msimu mmoja, miezi tisa au kumi. Mshahara huandikwa safi, maana yake kodi ni mzigo wa klabu. Klabu inampa nyumba, inampa gari, inampa tiketi za ndege za kwenda na kurudi. Wakala naye kwa kawaida analipwa na klabu, aghalabu asilimia kumi juu ya mshahara, hachomoi mfukoni kwa mchezaji. Akifika anapimwa afya, na asipopita vipimo mkataba unaweza kufa siku hiyo hiyo. Tena nchi nyingi zina idadi maalumu ya wageni ambao timu inaruhusiwa kuwa nao. Nafasi ni chache, foleni ni ndefu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mmarekani analipwa hela ile kwa sababu hiyo tu: aje, wenyeji wapone. Mwenyeji akicheza vibaya mechi tatu, watu wanasema kijana wetu hana raha. Mgeni akicheza vibaya mechi tatu, wakala wa mtu mwingine ameshapigiwa simu. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko jembe anakabidhiwa uwanja wa ndege.

Ndiyo maana nikasema kuitwa tena. Mwisho wa kila msimu Mmarekani wa ng'ambo hana kazi. Anakaa kwao anasubiri simu. Wapo wanaofunga pointi 25 kila mechi na simu hailii, kwa sababu timu ilishuka daraja wakati wao wanafunga. Simu ya Hines ililia miaka 16 mfululizo. Kutoka Veroli wakamwita Bamberg, Ujerumani, mji wa Bavaria unaopenda kikapu mpaka unajiita Freak City. Mwaka mmoja tu pale, 2011, wakachukua ligi na kombe. Kutoka Bamberg akaitwa Olympiacos ya Piraeus. Angalieni ngazi ilivyo: daraja la pili, bingwa wa Ujerumani, kisha moja ya klabu nzito za Ulaya. Hakuruka hata kidato kimoja.

Na aliingia Olympiacos mwaka mbaya, au mwaka mzuri, inategemea unavyotazama. Ugiriki ilikuwa imebanwa na madeni. Klabu ikapunguza matumizi, mastaa wakaondoka, Teodosić akaenda zake CSKA Moscow. Waliobaki ni Spanoulis, vijana wa Kigiriki, na Wamarekani ambao hawakuwa na majina. Kocha mzee Ivković akawapokea hivyo hivyo.

Mei 2012, Istanbul, fainali ya EuroLeague. Olympiacos na CSKA. CSKA ile ilikuwa na Kirilenko, aliyetoka NBA, ilikuwa na Krstić, mita mbili na zaidi ya sentimita kumi, na huyo huyo Teodosić. Robo ya tatu ubao unasoma 53 kwa 34. Pointi 19 nyuma. Mimi nilisimama nikaenda kuweka chai jikoni, nasema wazi, nilikata tamaa. Niliporudi sufuria ilikuwa imebaki motoni na sikuikumbuka tena mpaka harufu iliponifuata.

Kilichotokea ni kwamba CSKA waliacha kufunga. Kutoka zile 53 mpaka filimbi ya mwisho waliongeza pointi nane tu. Nane! Sekunde kama kumi zimebaki, CSKA wako mbele 61 kwa 60, na Šiškauskas wao, mtu mzima, mtulivu, yuko mstarini ana mitupo miwili ya faulo. Akakosa wa kwanza. Akakosa wa pili. Spanoulis akaushika mpira, akapenya, wote wakamkimbilia yeye, akampa mwenzake Printezis pembeni, na Printezis akaubetua juu ya mikono ya watu kama mtu anayerusha mwavuli barazani. 62 kwa 61. Zilibaki sehemu saba za kumi za sekunde.

Kila mtu anakumbuka mtupo wa Printezis, na ni haki yake. Mimi nawauliza nyinyi swali la kocha: zile pointi nane zilitokana na nini? Mtupo mmoja haukurudishi kutoka nyuma pointi 19. Kinachokurudisha ni mwenzako kutopata pa kupita kwa dakika nyingi mfululizo. Hapo sasa ndipo anapoingia mtu wangu. Simameni wawili, wewe na wewe. Njooni.

Wewe una mpira. Wewe mrefu, mwekee skrini, yaani mzibie njia anayemkaba. Simama imara, miguu ipanuke, mikono kifuani. Vizuri. Anayemkaba mwenye mpira sasa ameganda kwenye kifua cha huyu, amekwama. Senta anayemkaba huyu mrefu afanye nini? Senta wa kawaida, jitu la futi saba, anarudi nyuma kulinda ringi, kwa sababu akitoka nje atapitwa kama nguzo ya umeme. Akirudi nyuma, mwenye mpira anapata nafasi ya kutupia. Akitoka nje, anapitwa. Mchezo huu wa skrini unaitwa pick and roll, na umeua masenta wengi kwa njia hiyo, na Ulaya ndio unaochezwa kila shambulizi.

Hines anatoka nje. Anabadilishana, anamchukua mwenye mpira yeye mwenyewe. Tazameni makalio: chini, chini kabisa, kama yuko kwenye kigoda cha mbuzi anakuna nazi. Mkono mmoja kwenye njia ya mpira, mwingine kwenye njia ya pasi. Harukiruki. Anateleza kwa miguu miwili, hatua fupi fupi, hajavusha mguu juu ya mguu. Mwenye mpira anasema huyu ni senta, nitamla. Anakwenda kulia, yupo. Anarudi kushoto, yupo. Saa ya mashambulizi inashuka, saba, sita, tano. Mwishowe anatupia ile ya kulazimisha, mkono wa mtu uko usoni kwake, na riboundi inaanguka mikononi mwa Mgiriki. Watazamaji hawapigi hata kofi. Wanasema ametupia vibaya.

Na mpira ukienda ndani kwa lile jitu? Mabega. Hines anashuka chini ya kiuno cha jitu, anaweka kifua chake kwenye paja lake na anamsogeza hatua moja nje kabla mpira haujafika. Hatua moja tu. Yule wa mita mbili na kumi anaupokea pale ambapo urefu wake haumsaidii. Miaka ya baadaye alikuja kukabiliana na Walter Tavares wa Real Madrid, mwana wa Cape Verde mwenye mita 2.20, na kazi ilikuwa ile ile.

Asanteni, kaeni. Sheria nazo ziliwapa Wazungu wa Ulaya jicho la kuona alichonacho. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mlinzi anaweza kusimama ndani ya eneo la rangi, lile la chini ya ringi, muda anaoutaka. NBA wana sekunde tatu za mlinzi, ukikaa humo bila mtu wa kumkaba unapigiwa filimbi. Mechi ya Ulaya ni dakika 40, ya NBA ni 48. Uwanja wa Ulaya umebanana, kila pasi inagombaniwa, na mtu anayezuia bila kufanya kosa ana thamani ya dhahabu. Hilo ndilo jibu langu kwa anayesema NBA hawakuona. Inawezekana waliona vizuri tu, na kwa mchezo wao hawakuhitaji. Olympiacos walihitaji. Mchuuzi wa vitumbua anayeshindwa kuuza ofisini asiseme vitumbua ni vibaya, apeleke stendi asubuhi.

Mwaka uliofuata, 2013, London, tena fainali. Real Madrid wanamaliza robo ya kwanza 27 kwa 10. Mke wangu ananiuliza, "Unakwenda kuweka chai?" Nikakaa. Olympiacos wakashinda 100 kwa 88.

Hapo simu ikalia kutoka kwa wale wale aliowafunga. CSKA Moscow, chini ya kocha Mwitaliano Ettore Messina, wakamchukua. Alikaa Moscow miaka saba. Sizipambi, ilikuwa miaka ya machungu mengi. 2014 wakatolewa na Maccabi Tel Aviv kwa pointi moja. 2015 wakatolewa kwa pointi mbili na Olympiacos, yaani watu wake mwenyewe wa zamani. 2016 Berlin, wako mbele ya Fenerbahçe kwa pointi 20 mapumziko, zikaliwa zote, ikaenda muda wa nyongeza, wakashinda 101 kwa 96. Ubingwa wake wa tatu. 2017 Olympiacos tena wakawatoa, mpaka nikaanza kuamini mambo ya Tanga. 2018 Real Madrid. 2019 wakachukua tena, kule Vitoria, wakiifunga Anadolu Efes 91 kwa 83.

Na katikati ya hayo yote kocha alibadilika, wafungaji wakuu walikuja wakaondoka, na Hines hakuwa mfungaji mkuu hata msimu mmoja. Ila msimu ukiisha anabaki. Wafungaji wako sokoni kila kiangazi, klabu inamnunua mmoja na kumuuza mwingine. Mtu ambaye ukimwondoa wenzake wanne wanasahau kukaba, huyo hamwachii.

Mwaka 2020 akaondoka Moscow, na aliyepiga simu ni nani? Messina yule yule, wakati huo yuko Olimpia Milano. Kocha aliyemfundisha msimu mmoja tu Moscow, miaka sita imepita, bado anaikumbuka namba. Vijana, mimi mkiniuliza daraja la mchezaji nalipimaje, ni hapo. Mtu aliyekuona kila siku kwenye mazoezi, amekuona umechoka, umekasirika, umeumwa, akipata kazi mpya je, anakutafuta au anashukuru Mungu mmeachana?

Milano nako hakuikosa Fainali Nne, yaani hatua ya timu nne za mwisho za EuroLeague. 2021, Cologne, nusu fainali na Barcelona, 82 kwa 82, na aliyewaua ni Cory Higgins, mtupo wa mwisho, 84 kwa 82. Higgins huyo alikuwa amekaa naye chumba kimoja cha kubadilishia nguo Moscow miaka minne. Ng'ambo dunia ni ndogo, utakabana na rafiki yako mpaka mtakapostaafu. Kisha 2022, ana miaka 35, miaka ambayo wengi wetu tunapanda ngazi tukishika ukuta, akachaguliwa tena mlinzi bora wa EuroLeague. Milano wakachukua ubingwa wa Italia 2022, 2023 na 2024, naye akavua viatu. Nchi ile ile alikoanzia daraja la pili. Baada ya hapo ndipo NBA walipomwita: Brooklyn Nets, si kwa kucheza, kwa kazi ya kuwaendeleza wachezaji. Nilicheka peke yangu siku ile.

Wazazi wenye mabinti, msidhani nimewasahau. Kwa wanawake wa Kimarekani ng'ambo ilikuwa na hela kuliko nyumbani kwa miaka mingi. Diana Taurasi, mmoja wa wachezaji bora waliopata kuzaliwa, mwaka 2015 hakucheza WNBA, ile NBA ya wanawake, kabisa, kwa sababu klabu yake ya Urusi, UMMC Ekaterinburg, ilimlipa akapumzike. Kulipwa ili usicheze ligi ya kwenu! Lakini klabu hiyo hiyo ndiyo aliyokuwa akiichezea Brittney Griner alipokamatwa uwanja wa ndege Moscow, Februari 2022, na hakurudi kwao mpaka Desemba, kwa kubadilishana wafungwa. Mgeni ni mgeni. Hela nzuri haikupi uraia.

Na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu limenigusa. Kijana niliyemlea mimi kwenye uwanja huu, mikono mizuri, adabu, alipatikana na mtu aliyejiita wakala. Wakala akaomba hela ya viza, hela ya barua, hela ya "kufungua faili". Familia ikauza kiwanja. Kijana akatua nchi ya baridi na koti la mitumba, hakuna klabu iliyokuwa ikimjua. Wiki tatu, amerudi. Siku hizi ananisalimia akiwa upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo wazazi, shikeni haya mawili. Wakala wa kweli hula klabu inapolipa, haombi nauli kwenye kiwanja cha urithi. Na mkataba wowote wa nje, kabla ya kusaini, tafuteni ukurasa unaoitaja BAT. Hilo ni baraza la usuluhishi la kikapu lililoanzishwa chini ya FIBA mwaka 2007, liko Geneva, na mchezaji asiyelipwa anaweza kuishtaki klabu huko bila kuhangaika na mahakama za nchi asiyoijua lugha yake. Lakini mkataba wenyewe lazima uwe umeandika hivyo. Kipengele hicho kikikosekana, mnabaki na kilio na picha za uwanja.

Tena ng'ambo siku hizi imesogea. Ligi ya BAL, ya klabu za kikapu za Afrika, ilipoanza Kigali mwaka 2021, Wamarekani walipanda ndege kuja huku, hata mwanamuziki J. Cole alivaa jezi ya Patriots ya Rwanda. Zamani tulikuwa tunawatazama kwenye skrini, sasa kwa basi unawafikia, mgongo ukikubali.

Naona mkono. Sema baba. Unasema, "Kocha, sasa mimi nisitamani NBA?" Tamani. Tamani hata mwezi, nani amekukataza. Mimi ninachokuuliza ni hiki: kwenye mechi ya leo umewekewa skrini kumi na moja, nimehesabu, kwenye daftari hili hapa. Umezipita ngapi? Tatu. Nane ulisimama ukamnyooshea kidole mwenzako. Hakuna NBA inayokusubiri nyuma ya kidole, wala Veroli.

Mama yule wa getini, nakuona umekaa pale nyuma, karibu. Mwanao ni huyu huyu aliyeuliza.

Haya, wazazi kuna chai na mihogo pale chini ya mwembe, mwenye sukari asile mihogo peke yake. Nyinyi, maji yako kwenye ndoo ya bluu, kikombe kimoja kimoja, msimwage. Kisha wote mstari wa pembeni, wafupi kwa warefu bila kuchagua. Makalio chini, mikono wazi, tunateleza mpaka ringi ile na kurudi. Atakayevusha mguu juu ya mguu anaanza upya.